Sura ya 6: Kiangazi cha Ngoma

Uwanda wa Makonde hauna mto. Mvua inayonyesha juu yake, kati ya Desemba na Aprili, hunywewa na mchanga ikazama chini kabisa, kisha ikatokea pembeni, miteremkoni, kwenye chemchemi zilizo mbali na nyumba za watu. Kusini unapita Ruvuma na kaskazini Lukuledi. Pale juu katikati watu wameishi vizazi na vizazi bila hata kijito cha watoto kuogelea. Anayetoka Mtwara kwenda Newala hupanda taratibu bila kujua kama anapanda, mpaka anajikuta kwenye upepo na baridi ya mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ardhi inakatika ghafla. Wenyeji wanapaita Shimo la Mungu: genge kubwa kando ya mji wa Newala, ambalo ukisimama ukingoni mwake unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Jioni vijana huenda pale kupunga upepo na kupiga picha. Ukiondoa hapo, mtu wa Newala hana sana desturi ya kufunga safari kwenda mahali fulani kwa ajili ya kupumzika tu. Anachokingojea ni wakati, na wakati wenyewe ni kiangazi.

Sehemu nyingi za dunia watu wenye likizo hufuata maji. Ufini, nchi ya watu milioni tano na nusu na maziwa takriban 188,000, ina nyumba za mapumziko zaidi ya 500,000, nyingi zikiwa ufukweni mwa ziwa. Majira ya joto yakifika familia hufunga nyumba ya mjini, ikaenda kukaa huko na mashua yake na ukimya wake. Wafini hao hao ndio waliokuja Mtwara na Lindi katika miaka ya 1970 kusaidia kuandaa mpango mkuu wa maji wa mikoa hiyo miwili. Mara nyingi nimewawaza watu wale, waliolelewa kando ya maziwa, wakipita kwenye vijiji vya uwanda mwezi wa Septemba, ndoo zimepangwa foleni kwenye bomba lisilotoa kitu, na usiku wa siku hiyo hiyo, kijiji hicho hicho, ngoma inalia mpaka alfajiri. Sura hii inahusu jambo hilo: jinsi watu wasio na ziwa walivyojijengea mapumziko yao kwa kitu kimoja walichokuwa nacho kwa wingi, yaani watu wenzao.

Kwanza lazima tuulize kwa nini watu waende kukaa mahali pasipo na maji. Wamakonde wenyewe wana hadithi ya kale inayojibu. Wanasema mtu wa kwanza aliishi porini peke yake, hachani nywele, haogi. Akachonga sanamu ya mti, usiku ikageuka mwanamke, akamwoa. Wakashuka mtoni, mke akazaa mtoto, mtoto akafa. Wakapanda katikati ya mteremko, akazaa wa pili, naye akafa. Walipofika juu kabisa, kwenye vichaka, mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa amri: msikae mabondeni, msikae karibu na maji makubwa. Mtaalamu wa makabila kutoka Leipzig, Karl Weule, aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, aliiandika hadithi hiyo. Historia nayo inaiunga mkono kwa njia yake. Karne ya 19 mabonde ndiyo yaliyokuwa njia za misafara ya watumwa na za mashambulizi ya Wangoni, na vichaka vya uwanda, ambavyo mtu mgeni hawezi kupenya bila panga, vilikuwa ngome. Kiu ilikuwa gharama ya usalama, na waliolipa gharama hiyo kila siku walikuwa wanawake, kwa kichwa na shingo zao, wakishuka genge na mitungi mitupu na kulipanda ikiwa imejaa.

Miaka ya 1950 ukaanzishwa mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni hadi juu, na hadi leo chanzo cha Mitema katika bonde la Kitangari ndicho kinachotegemewa na sehemu kubwa ya Newala na Tandahimba. Mashine ikiharibika kule bondeni, uwanda mzima unajua. Ndiyo maana nyumba nyingi za Newala zina tangi la saruji lililochimbwa uani, la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Tangi likijaa mwezi wa nne, mama mwenye nyumba anaanza kupiga hesabu ya mpaka Desemba.

Naeleza habari za maji kwa urefu kwa sababu starehe kubwa za uwanda zinaangukia wakati ambao maji ndiyo adimu kuliko wakati wowote. Mavuno yameisha, mahindi na mtama vimo ghalani, mikorosho inaanza kutoa maua, usiku ni mkavu na mwezi ni mweupe. Huo ndio msimu wa unyago, ngoma za kuwaingiza vijana utu uzima. Na unyago, kabla haujawa ngoma, ni maji. Pombe ya mtama inataka maji ya kulowekea na ya kupikia. Wageni mia mbili wanataka maji ya ugali, ya kunawa, ya kunywa. Zamani, kabla ya bomba, kijiji kilichokuwa na wali, yaani vijana wa unyago, wa kutoa kilihesabu siku nyuma kutoka siku ya pombe kuiva, wanawake wa ukoo na majirani wakagawana zamu za kushuka bondeni. Kwa hiyo mgeni alipopokea kata ya pombe alikuwa ameshika mkononi safari ya mtu ya kushuka na kupanda genge. Alijua, na hakuweza kuipokea kisha akakosa kucheza.

Watu wa nje wakisikia neno unyago hufikiria mafundisho ya siri tu. Siri zipo, nami sina haki ya kuzieleza. Lakini sehemu kubwa ya unyago iko nje, mbele ya kila mtu. Kwa Wamakonde wavulana hukaa likumbi na wasichana huchezwa chiputu. Kwa Wayao ngoma kubwa ya wavulana ilikuwa lupanda. Wamakua nao wana yao, na kwa kuwa Masasi makabila haya matatu yamechanganyika mtaa kwa mtaa, watoto wa majirani huingia pamoja na ngoma huazimana. Ngariba na manyakanga wanaalikwa, wanalishwa, wanabembelezwa. Siku ya kutoka, mwali huogeshwa, hupakwa mafuta, huvikwa nguo mpya kuanzia kichwani hadi miguuni, hubebwa mabegani kama hawezi kugusa ardhi, huku mtu anamfunika kwa mwavuli japo jua limekwisha kupungua. Anatazama chini. Ameambiwa asicheke, na watani wanafanya kila vituko ili acheke. Mjomba wake yuko mbele kabisa, maana katika ukoo wa upande wa mama mjomba ndiye mwenye mtoto, na siku hiyo uso wa mjomba ndio unaotazamwa kama amejikaza au amejificha.

Pembeni, chini ya mwembe, kuna meza, na juu ya meza kuna daftari. Ningependa msomaji alitazame daftari hilo kwa makini kuliko anavyotazama wachezaji. Kurasa zake zimepigwa mstari kwa rula: jina, kijiji, kitu. Debe moja la mahindi. Jogoo. Kitenge doti moja. Shilingi 5,000. Sukari kilo mbili. Aliyeshika kalamu huwa ni mwanamke kijana aliyemaliza sekondari, na nyuma yake ameketi bibi asiyejua kusoma ambaye anayakumbuka madaftari yote ya miaka iliyopita kwa kichwa. Kila kilichoandikwa pale ni deni. Mwakani mwenye jogoo akimtoa binti yake, jogoo atarudi, na aliyeona mbali atarudisha jogoo na kilo ya mchele juu yake ili uzi usikatike. Kila msimu hutokea watu wa kuwacheka wakulima wa kusini kwamba wanamaliza fedha za korosho kwenye ngoma. Wanaocheka wangelisoma daftari. Fedha ile haikumalizwa. Imewekwa kwa watu arobaini tofauti, ambao mvua ikikosekana au mtoto akilazwa hospitali ndio watakaofika wa kwanza, bila riba na bila fomu ya kujaza. Nawafahamu watu wenye akaunti tatu za benki ambao hawana kinga ya namna hiyo.

Kwamba unyago huwafunga watu pamoja namna hii, wamisionari waliofika Masasi walilielewa taratibu. Misheni ya Waanglikana ilianzishwa hapo mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, akawaweka chini ya milima ile ya mawe inayochomoza kutoka ardhini ghafla, ambayo mpaka leo ndiyo sura ya mji. Wangoni waliivamia mwaka 1882, na baadhi ya watu wa misheni wakapanda Newala kutafuta hifadhi ya Mzee Matola, mtawala wa Kiyao. Vita vya Majimaji vikaifikia tena mwaka 1905. Katika miaka hiyo yote ngoma za vijijini zilitazamwa na wengi wa mapadri kama giza la kuondolewa. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, aliona vingine. Alitambua kwamba ukimnyima kijana jando umemnyima kijiji chake, basi akaanzisha jando la Kikristo: kambi ilibaki porini, nyimbo zilichujwa, tohara ikawa na dawa na usafi, padri akabariki kambi, na siku ya kutoka vijana wakapokelewa kanisani badala ya uwanjani. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mwanamume, awe padri au askofu, hana nafasi ndani ya mlango ule. Nathamini alichofanya Lucas, ingawa naona alichukua mafundisho akauacha uwanja. Jando linalomalizikia kanisani linakutanisha waumini. Jando linalomalizikia uwanjani linakutanisha kijiji, akiwemo yule Mwislamu, yule asiye na dini, na yule jirani uliyenuniana naye tangu masika.

Miongoni mwa warithi wa Lucas alikuwa Trevor Huddleston, askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Huyu ndiye padri ambaye huko Afrika Kusini alimpatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza, kabla serikali ya makaburu haijachoshwa na maneno yake. Nalitaja hilo kwa kupita, kwa sababu linanifurahisha kwamba mtu aliyejua thamani ya tarumbeta mikononi mwa kijana maskini alikuja kuishi kati ya watu wa ngoma.

Kisha serikali huru nayo ikaja uwanjani. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, na kati ya ngoma zilizochaguliwa kuiwakilisha nchi nzima, sindimba ya Wamakonde ikawa mbele. Ndani ya miaka michache walimu wa shule za msingi za Mwanza na Arusha, ambao hawakuwahi kuliona genge la Newala, walikuwa wanawafundisha watoto kukata kiuno cha Kimakonde. Kulikuwa na kelele pia. Wako waliosema ni aibu kwa taifa. Kwangu mimi aibu haikuwamo. Kilichopotea ni kitu kingine. Uwanjani Newala sindimba huchezwa kwa mduara, na anayetazama sasa ndiye atakayeingia baada ya dakika mbili. Jukwaani ilipangwa mistari, wachezaji wakamgeukia mgeni rasmi aliyekaa kwenye kochi. Kizazi kizima cha Watanzania kikajifunza kwamba ngoma ni kitu cha kutazamwa ukiwa umekaa.

Ngoma ya mduara huanzia kwenye moto. Jioni, kabla watu hawajajaa, wapigaji hukusanya nyasi kavu na majani ya migomba, huyawasha, na kuzielekeza ngoma kwenye mwali wa moto, ngozi kwa ngozi. Chinganga, ile ndogo yenye mguu mrefu uliochongoka unaochomekwa ardhini, hupashwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu sauti yake inatakiwa kukata juu ya nyingine. Mpigaji huigonga kwa vidole, huiweka sikioni, huirudisha motoni. Likuti na ntoji hukaa pembeni zikingoja zamu. Fundi mzuri hatapiga mpaka zipatane, hata kama watu wamekwisha kuanza kupiga makofi na kina mama wanashangilia kwa vigelegele kumharakisha. Usiku ukiwa wa baridi, na Newala usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli, ngozi hulegea baada ya nusu saa na inabidi zirudi motoni. Ni katika mapumziko hayo mafupi ambapo watu husalimiana, hulipana madeni madogo na kuulizana habari za wagonjwa. Anayezoea spika kubwa za muziki, zisizonyamaza tangu saa mbili mpaka asubuhi, hapati nafasi hiyo.

Halafu kuna midimu. Hawa ni wachezaji waliofunikwa gubigubi, uso ukiwa kinyago cha mti mwepesi kilichochongwa na kupakwa rangi, mwili umefungwa nguo mpaka vidoleni, njuga miguuni. Upande wa Msumbiji Wamakonde huvaa lipiko, kinyago kinachofunika kichwa kizima. Upande huu wa Ruvuma kilichozoeleka zaidi ni kile cha uso. Wengine husimama juu ya miti mirefu wakatembea kimo cha paa la nyumba, na watoto hukimbia huku wakicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kwa mila aliye ndani ya kinyago si mtu, ni mzimu uliotoka kwa wafu, na wanawake hawatakiwi kujua ni nani. Mke humjua mume wake kwa mwendo, sina shaka. Lakini hasemi, na kutosema kwake ni sehemu ya mchezo ambayo ni nzito kama ya yule aliye juu ya miti. Makumbusho ya Ulaya yana vinyago vingi vya Kimakonde nyuma ya vioo. Weule mwenyewe alirudi Leipzig na shehena ya vitu vya uwanda huu, pamoja na filamu na sauti za ngoma alizozinasa kwenye mitungi ya nta, miongoni mwa sauti za awali kabisa kurekodiwa sehemu hii ya Afrika. Nashukuru kwamba zipo. Kinyago kisicho na mwenye kukivaa, hata hivyo, ni nusu ya kinyago, na nusu iliyobaki haijawahi kusafirishwa.

Siku zisizo za ngoma zina burudani zake. Bao huchezwa chini ya mkorosho, kwenye ubao au kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini, kete zikiwa komwe. Kila kijiji kina timu ya mpira na kila kiangazi kina ligi yake, mara nyingi ya kugombea mbuzi, na mbuzi huyo hufungwa pembeni mwa uwanja tangu mechi ya kwanza ili watu wamwone. Kutoka Ndanda, ule mji mdogo wa misheni ya Wabenediktini chini ya mteremko wa uwanda, kulitoka jina la timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2014, Ndanda FC, ikacheza nyumbani katika uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara. Kwa misimu michache watu wa kusini walikuwa na sababu yao wenyewe ya kutaka Simba na Yanga zifungwe. Usiku, mechi za Ulaya hutazamwa katika kibanda umiza, shilingi mia chache kwa kichwa, mabenchi ya mbao na joto la kutosha. Wazee hulalamika kwamba vijana wanahamia huko. Mimi naona kibanda umiza kimerithi kazi ya barazani: ubishi wa huko ni wa sauti, kila mtu ana haki ya kusema, na mwenye kijiji na mwenye kijiko wanakaa benchi moja.

Kilichobadilisha kiangazi kuliko yote ni korosho. Mikorosho imeufunika uwanda, na kati ya Oktoba na Januari ndiyo mavuno. Harufu ya mabibo hujaa kila njia. Mengine huliwa, mengi huoza, mengine hukamuliwa na kugeuka uraka, pombe ambayo umri wake ni wa siku chache na ambayo huuzwa kwa kikombe kwenye vibanda vya makuti. Tangu 2007 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, chama kinapeleka ghalani, na vyama vikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, vinaendesha mnada. Fedha inafika kwa kishindo, kijiji kizima kwa wiki chache. Msimu wa 2017/2018 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na mabati mapya yalimeremeta kila upande. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300. Malipo yalichelewa kwa wengi. Kwa mtu wa mjini hiyo ilikuwa habari ya uchumi. Kwa mtu wa kijijini ilikuwa pia swali la mwali: atoke kwa fedha gani, na atoke lini?

Kwa sababu ya korosho na kwa sababu ya shule, msimu umesogea. Zamani wali walikaa ndani miezi. Siku hizi ni wiki tatu au nne, zikibanwa ndani ya likizo ya Juni au ya Desemba. Viongozi wa mkoa na halmashauri wamekuwa wakihimiza hivyo, na wana haki. Mtoto aliyekosa darasa kwa ajili ya ngoma amedhulumiwa, na msichana wa miaka minane aliyefundishwa mambo ya mke na mume amedhulumiwa zaidi. Manyakanga wenye busara wanalisema hilo wenyewe: mafundisho yapimwe kwa umri, ya heshima na usafi kwa wadogo, mengine yangoje. Ninaipenda mila hii kiasi cha kutotaka itetewe kwa yale mabaya yake.

Desemba ina faida nyingine, kwamba ndiyo likizo ya walio mbali. Vijana wa Masasi, Newala na Tandahimba waliojaa Kariakoo tangu miaka ya 1980 wakiuza nguo na vyombo mikononi, zamani waliweza kukaa miaka bila kuonekana. Barabara ya kusini ilikuwa tope, na mvua zikianza, mto Rufiji ulikata nchi vipande viwili. Daraja la mto huo lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, ndilo lililowarudisha watu hawa kwenye ngoma za nyumbani kwa idadi ambayo haikuwahi kuonekana. Ile barabara ya kilomita 210 kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi inaendelea kuwekewa lami kipande kwa kipande, na kila kipande kinapunguza kisingizio cha kutokuja. Wanakuja na mashuka, na mchele wa Mbeya, na simu za kupigia picha. Wanakuta daftari linawangoja na majina yao yamo tangu walipokuwa wali.

Wanakuta pia kwamba uwanja haupo, na hili ndilo linaloniuma kuliko spika na kuliko kibanda umiza. Miji ya Masasi na Newala inakua, viwanja vinapimwa, na kwenye ramani ya kila mtaa mpya kuna eneo la shule, la zahanati, la msikiti, la kanisa, la soko. Eneo la ngoma halimo, kwa sababu uwanja wa zamani haukuwa na hati. Ulikuwa uwazi tu kati ya nyumba, ambao kila mtu alijua haujengwi. Ukipimwa unagawiwa. Sherehe zinahamia barabarani, hema linafunga njia, bodaboda na wachezaji wanagombana, polisi wanaitwa. Wenye uwezo wanakodi ukumbi, na ukumbi una mlango, na mlango una mtu wa kuuliza kadi.

Halmashauri inaweza kulitengeneza hili kwa gharama ndogo sana. Uwanja wa ngoma hauhitaji jengo. Unahitaji eneo la mita hamsini kwa hamsini lililoandikwa kwenye ramani kwa jina lake, chini ya kamati ya mtaa na wala si ya mtu mmoja, miembe minne upande wa magharibi kwa ajili ya kivuli cha alasiri, sehemu ya mchanga, iliyo mbali na nyasi, ya kuwashia moto wa kupasha ngoma, choo, na, kwa kuwa hii ni Newala, tangi la maji ya mvua lenye kofuli, ufunguo akae nao mwanamke.